Bi Sikudhani Hajautumia Mkuki

Kitendawili! Itikieni vizuri, msiitikie kama watu wanaoitwa kulipa kodi. Kitendawili!

Haya, hapo sawa. Nina ng'ombe wangu mwenyewe, nimemrithi kwa babu, lakini analala zizini kwa jirani, anakamuliwa na jirani, na mara moja kwa mwaka jirani ananiita nije nimshike mkia, nipigwe picha, kisha nirudi nyumbani na njaa yangu. Ni nini hicho?

Hamjui. Basi nipeni mji. Huo hapana, ulishauzwa. Na huo mwingine hauna maji. Hebu acheni, bakini na miji yenu, jibu nawapa bure: ni haki ya raia kushika mkuki, katika nchi moja ambayo jina lake silijui, na hata ningelijua nisingelitaja, maana huko kuta zina masikio, na masikio yana mishahara.

Nchi hiyo ina Katiba nzuri sana. Iliandikwa na watu saba, zamani, mara tu baada ya kumfukuza Mfalme, na ibara yake ya tatu inasema hivi: Kila raia ana haki ya kuwa na mkuki, wala mtu yeyote asimnyang'anye. Basi, hapo imekwisha. Mkuki wenyewe ni wa nini, hawakuandika. Labda waliona ni jambo la wazi, kama mtu asivyohitaji kuandikiwa kwamba mvua inalowesha. Labda wino uliwaishia.

Serikali ya huko inaiheshimu ibara hiyo kuliko zote. Mikuki yote ya raia imetunzwa katika Bohari Kuu ya Haki, yenye paa jipya, mlinzi na mbwa, ili haki isije ikaibiwa. Ncha zake zimechomekwa magunzi ya mahindi, ili haki isije ikamchoma mwenyewe. Iko Wizara nzima ya Magunzi, ina Waziri na manaibu. Na mara moja kwa mwaka, Siku ya Kushika, raia hupanga foleni, kila mmoja hupewa mkuki, huusimamisha mbele yake, wimbo wa taifa hupigwa, kisha huurudisha. Sheria ndogo inasema: "Raia ataukabidhi mkuki kwa hiari yake, baada ya kuutumia." Hiari hiyo inasimamiwa na askari.

Kila mwaka hualikwa wageni kutoka nchi rafiki waje waone. Huketi kivulini na soda zao, huandika mambo, na huondoka wakisema hawajapata kuona serikali inayowapa watu wake mikuki bila woga. Ndiyo maana serikali hiyo, tangu iwepo, haijamnyang'anya raia mkuki hata mmoja. Ng'ombe, ndiyo. Mashamba, ndiyo. Waume za watu, mmoja mmoja. Lakini mkuki, katu.

Na kuna kanuni nyingine, iliyotungwa ili watu wasichelewechelewe: sherehe haifungwi mpaka mkuki wa mwisho umerudi, na kabla ya hapo hakuna mwenyeji anayekaa wala kuondoka, kuanzia mpiga ngoma hadi Mlezi Mkuu wa Taifa mwenyewe. Kanuni hiyo haijawahi kumsumbua mtu. Nani angekaa na gongo lenye gunzi juani?

*

Sasa, katika wilaya moja ya nchi hiyo alikuwako mjane, Bi Sikudhani. Alikuwa na shamba la muhogo, nyumba ya vyumba viwili, magoti yasiyosikia dawa, na pembeni mwa shamba kaburi la mumewe, marehemu Mzee Pazi. Jirani yake alikuwa wifi yake, Mashavu, dada wa huyo marehemu, mwanamke ambaye hata akikuletea chumvi lazima aisindikize na tusi dogo.

Siku moja alikuja Bwana Kasongwa, Mkuu wa Wilaya, chini ya mwavuli ulioshikwa na mtu mwingine.

"Bibi," akasema, "pokea pongezi. Umebahatika. Shamba lako limeteuliwa."

"Limeteuliwa kuwa nini, mwanangu?"

"Kuwa Makumbusho ya Taifa ya Haki ya Mkuki. Hapa, Bibi, vizazi na vizazi vitakuja kuona jinsi haki ya raia inavyolindwa."

"Na muhogo wangu?"

"Utakumbukwa."

"Na huyu hapa?" Bi Sikudhani akaonyesha kaburi.

"Mzee hatumgusi, wala yeye hatatugusa. Atabaki palepale. Ngazi ya wageni mashuhuri itapita juu yake. Ni raia gani mwingine wa kawaida aliyepata heshima hiyo?"

"Na mimi niende wapi?"

Bwana Kasongwa akavuta pumzi kama mtu anayeshuka kwenye maji ya baridi. "Suala hilo serikali inalitafakari kwa uzito unaostahili," akasema, na mwavuli ukageuka ukaondoka naye.

Bi Sikudhani alikwenda ofisi ya kata, akaelezwa. Akaenda ofisi ya wilaya, akaelezwa. Alipanda basi hadi mkoani, huko akaelezwa kwa upole zaidi na kupewa kiti. Alirudi nyumbani hana hasira, mjue. Alikuwa na uchovu. Kuna uchovu wa jembe, huo unaisha ukilala. Kuna uchovu wa kuelezwa, huo unaamka nao.

Kumbe serikali iliamua kwamba mwaka ule Siku ya Kushika ya taifa zima ifanyike palepale, kwenye uwanja ulio kati ya Bohari na shamba lake, ili sherehe ikishafungwa tu, Mlezi Mkuu apunge kitambaa na tingatinga liingie kazini mbele ya wageni. Tingatinga lilifika mapema. Lilikuwa la njano, limeegeshwa ukingoni, pua yake imeshaingia kwenye muhogo. Dereva wake, kijana mpole aitwaye Chande, alimwomba Bi Sikudhani maji ya kunywa, akapewa. Hakuweza kumtazama usoni alipokuwa akirudisha kikombe.

*

Siku ikafika. Uwanja ulijaa, jua la asubuhi lilikuwa limeshaanza kuchoma, na foleni ya mikuki ilisogea kama nta. Bi Sikudhani alipokea mkuki wake, akasimama karibu na wifi yake.

"Wifi, nyooka," Mashavu akanong'ona. "Umejikunja kama ukili."

"Nikinyooka navunjika."

"Vunjika kesho. Leo kuna wageni."

Wimbo wa taifa wa nchi hiyo ni mtamu ila mrefu, kwa sababu kila siku ya kuzaliwa ya Mlezi Mkuu huongezwa ubeti, naye Mlezi Mkuu, Mungu amzidishie, hajambo. Beti zilipofika zile za utotoni mwake magoti ya Bi Sikudhani yalianza kutetemeka. Zilipofika za ujana aliuegemea mkuki kidogo. Zilipofika za uzee alikuwa ameuegemea wote, mwili mzima, kama mtu aliyelala wima. Akajisemea moyoni: kumbe hiki kitu kinafaa.

Wimbo ukaisha. Watu wakapanga foleni ya kurudisha. Kwa sababu ya mwendo wake Bi Sikudhani akawa wa mwisho kabisa. Karani wa Bohari akanyoosha mkono.

"Lete, Bibi, tufunge."

Hapo ndipo Chande alipoliwasha tingatinga lipate moto. Likakohoa, likatoa moshi mweusi, na mmea mmoja wa muhogo uliokuwa chini ya pua yake ukalala chini, taratibu, kama mzee anayetafuta mkeka.

Msidhani Bi Sikudhani alikuwa amepanga. Angepanga lini, na amechoka vile? Maneno yalitoka tu.

"Ngoja kwanza. Sheria inasemaje?"

"Kwamba unarudisha kwa hiari yako, Bibi."

"Lini?"

"Baada ya kuutumia."

"Basi mimi sijautumia."

Karani akacheka. Kisha akaacha kucheka, maana katika mafunzo yake jambo hilo halikuwamo. "Umeutumia, Bibi. Umeushika."

"Nikishika mwiko nimepika?"

Karani akamwita Bwana Kasongwa. Bwana Kasongwa akaja mbio ndogo, zile za mkubwa asiyetaka kuonekana anakimbia, tabasamu limeelekezwa kwa wageni.

"Bibi, kuna nini? Matumizi ya mkuki, kwa mujibu wa tafsiri rasmi, ni wimbo wa taifa."

"Wimbo nimeuimba kwa mdomo, mwanangu. Mkuki ulikuwa kimya muda wote."

"Bibi, usiniletee..."

"Sikuletei kitu. Mimi sina ugomvi, nataka kwenda kulala. Niambieni mkuki huu ni wa nini, niutumie, niurudishe, muendelee na mambo yenu. Walioandika walinipa wa nini?"

Bwana Kasongwa akageuka nyuma kuwatazama wakubwa zake, nao wakageuka kuwatazama wakubwa zao, na jukwaa zima likageuka vile mpaka shingo zikaishia kwa Mlezi Mkuu. Yeye alikuwa amesimama wima, mkono kifuani, anangoja sherehe ifungwe.

Na kwa kuwa haikufungwa, kanuni ikataka wimbo upigwe tena.

*

Walimletea kwanza Profesa Mshindo, mtu wa vitabu vinene, aliyesomea mikuki katika nchi ambazo hazina mikuki.

"Bibi yangu mpendwa," Profesa akaanza, "kosa lako ni kudhani kwamba mkuki ni mkuki."

"Ni nini?"

"Ni ishara."

"Ishara ya nini?"

Profesa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ya mkuki," akasema.

Bi Sikudhani akamshukuru, akamwambia akae kivulini asije akapata kichomi. Profesa hakuweza kukaa, kanuni inakataza, akabaki amesimama pale, akitoa jasho la elimu.

Akafuata Jenerali Mbaruku. Nishani zake zilikuwa nyingi hata upande mmoja wa mwili ulikuwa umeinama. Yeye hakuzunguka.

"Mama! Mkuki wa raia ni wa kupigana na adui kutoka nje!"

"Ahaa," akasema Bi Sikudhani, na kweli akafikiri kidogo. "Kutoka nje. Ni wale pale, mliowakalisha kivulini mkawapa soda?"

Jenerali akawa mwekundu, na kwa mtu wa rangi yake si kazi ndogo. Wageni wakauliza bibi amesemaje. Mkalimani, ambaye alikuwa na watoto wa kulisha, akawaambia bibi anawakaribisha chakula cha jioni. Wakapiga makofi.

Wimbo ukapigwa tena. Mpiga tarumbeta alikuwa ameanza kupiga noti moja na kuruka mbili.

Ndipo Waziri wa Magunzi alipopata wazo, na akalitoa kwa sauti ya juu ili lisije likaibiwa. "Ndugu zangu, mbona tunateseka? Mkuki ni wa kuwinda! Mababu zetu waliwinda. Bibi awinde, yaishe!"

Wakubwa wakafurahi. Awinde. Wakatazama huku na huku kutafuta mnyama wa porini. Lakini msitu wa wilaya ile ulishagawiwa kwa watu wenye majina marefu, ukageuka mbao, na wanyama walikuwa wamehama bila kuaga. Bwana Kasongwa akatuma askari wawili. Wakarudi na kuku.

"Huyo tetea wangu!" Mashavu akapiga kelele kutoka kwenye umati. "Mwacheni! Anaatamia huyo!"

"Mama, tulia, ni kwa ajili ya taifa," akasema Bwana Kasongwa.

"Basi taifa likalale juu ya mayai yake!"

Watu wakacheka, lakini kicheko kifupi, cha watu waliosimama juani tangu asubuhi. Tetea akawekwa chini mbele ya Bi Sikudhani. Ikaonekana kuna tatizo: gunzi. Ili kulitoa gunzi ilihitajika idhini ya Bunge, na Bunge lilikuwa lote pale uwanjani limesimama wima, haliwezi kukaa kikao. Wakashauriana, wakakubaliana awinde hivyohivyo. Bi Sikudhani akateremsha mkuki polepole, kwa adabu, mpaka gunzi likagusa ardhi. Tetea akaliona gunzi. Lilikuwa limebaki na punje mbili tatu. Akazidonoa, akajikung'uta, akarudi kwenye mayai yake.

"Hapo je?" akauliza Waziri.

"Hapo nimelisha kuku," akasema Bi Sikudhani. "Ndiyo ilikuwa maana ya Katiba?"

*

Jua likaanza kushuka upande wa pili. Ngoja niwaambie jinsi taifa lilivyokuwa. Ofisi zote zilikuwa zimefungwa kwa sikukuu, na sikukuu haiishi. Mkuu wa Itifaki alikuwa amelala amesimama, kama punda. Askari walikuwa wamezipa bunduki kazi ileile Bi Sikudhani aliyoupa mkuki. Mlezi Mkuu hakuwa ameshusha mkono kifuani, ila mkono ule ulikuwa umeteremka wenyewe hadi tumboni.

Mashavu akapita katikati ya askari, kigoda kwapani na bakuli la uji mkononi.

"Kaa," akamwambia wifi yake. "Utakufa umesimama halafu lawama nizibebe mimi."

"Hairuhusiwi kukaa."

"Mangapi hayaruhusiwi. Kaa." Akaingiza kigoda chini yake, akasimama mbele yake kumkinga jua, mikono kiunoni. "Hivi, wifi, rudisha tu hilo gongo. Umetuaibisha ukoo mzima. Kaka yangu akiwa hai angesema nini?"

"Kaka yako wanajenga ngazi juu yake."

Mashavu alitazama kule kwenye kaburi, akatazama tingatinga. Hakuwa amejua habari ya ngazi. Bi Sikudhani alikuwa amechoka mno hata kumweleza. Mashavu akaenda moja kwa moja hadi kwa karani wa Bohari.

"Nipe mkuki wangu."

"Umesharudisha, mama."

"Nilikosea. Nilidhani nimeutumia, kumbe nilisimama tu. Nipe nikautumie."

"Kuutumia kwa nini?"

"Hicho ndicho mnachotafuta tangu asubuhi, mkikipata mniambie na mimi. Lakini nipe kwanza."

Nyuma yake mzee mmoja mwenye kikohozi akasema hata yeye, akifikiri vizuri, hakuwa ameutumia. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema yeye ameushika miaka yote tangu apate utu uzima, na hajautumia hata mara moja. Wala hawakupiga kelele, maana hawakuwa na nguvu za kelele. Walirudi tu kwenye foleni, wakaigeuza, wakasimama wakingoja, kama walivyozoea kusimama. Foleni ikaenda ikapita lango, ikazunguka uwanja. Karani akafunga mlango wa Bohari kwa ndani. Mbwa akabaki nje, akapiga miayo.

Hapo Jenerali Mbaruku akapanda jukwaani. "Mtukufu," akasema, "toa amri. Tumpokonye yule mmoja, wengine watatawanyika. Wageni tutawaambia ameanguka kwa jua. Tingatinga liingie, tukalale."

Bi Sikudhani alisikia. Alikuwa karibu vya kutosha, na Jenerali hajui kunong'ona. Akaukamata mkuki kwa mikono miwili. Aliwaona askari wanajinyoosha, mmoja mmoja, na bunduki zinaondoka ardhini. Chande akaangalia mikono yake mwenyewe juu ya usukani kama mikono ya mtu mwingine.

Mlezi Mkuu hakutoa amri. Alianza kushuka ngazi za jukwaa.

*

Alishuka kwa shida. Wasaidizi walitaka kumshika, akawakataa, akashuka kwa upande upande, mguu mmoja ukingoja mwingine. Alipofika mbele ya Bi Sikudhani, umati mzima ukapiga goti, isipokuwa Bi Sikudhani, ambaye goti lake akilipiga haliinuki.

"Shikamoo," akasema Mlezi Mkuu.

Mkuu wa Itifaki akaamka. Kwa miaka mingi mtu yule alikuwa akipokea shikamoo tu. Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia akitoa.

"Ngoja kwanza kabla sijaitikia," akasema Bi Sikudhani. "Sijui nani mkubwa. Wewe ulizaliwa mwaka gani?"

"Mwaka wa nzige."

"Wa nzige wa kwanza au wa pili?"

"Wa kwanza."

"Basi mimi wa pili. Shikamoo wewe."

"Marahaba, mdogo wangu." Akacheka kidogo. Kicheko kilitoka kama mlango wa stoo uliosahauliwa. "Magoti hayo?"

"Usiyataje, kaka. Na yako?"

"Haya si magoti tena, ni mawe." Akatafuta kwa macho mahali pa kukaa, hakuona, akavuka ukingo wa uwanja na kukaa kwenye tuta la muhogo, na kofia yake ya dhahabu akaipakata. Taifa likababaika. Itifaki inasema hakuna anayekaa juu kuliko Mlezi Mkuu, na yeye amekaa tutani. Mawaziri wakaanza kulala kifudifudi.

Bi Sikudhani akasogeza kigoda karibu naye, mkuki ukiwa katikati ya magoti yake.

"Katiba mliiandika watu saba," akasema. "Wenzako wako wapi?"

Swali hilo huko haliulizwi. Wale sita walikufa kwa maradhi ya ghafla, yale yanayokuja na gari lisilo na namba. Walizikwa kwa heshima zote, bendera nusu mlingoti, na katika kila maziko Mlezi Mkuu alilia. Alilia kweli, wala sisemi kwa kejeli.

"Wamekufa," akasema.

"Wote?"

"Wote."

"Pole. Basi umebaki wewe, sina mwingine wa kumwuliza. Nimeulizia tangu asubuhi, wamenipa ishara, wamenipa wageni, wamenipa kuku. Wewe ulikuwamo. Mkuki huu ni wa nini?"

Bwana Kasongwa akainua kichwa kutoka mavumbini. "Bibi! Mtukufu haulizwi! Mtukufu ndiye..."

"Hebu nyamaza wewe," akasema Mashavu. "Wakubwa wanaongea."

Mlezi Mkuu aligusa jani la muhogo, akaligeuza, akaliacha. Jenerali Mbaruku akainama sikioni kwake. "Amri, Mtukufu? Vijana wako tayari." Mlezi Mkuu akainua kiganja, kama mtu anayefukuza nzi, na Jenerali akarudi nyuma. Chande akazima tingatinga. Hakuna aliyemwamuru. Yule tetea akasikika akikokoreka uani kwa Mashavu.

"Tulikuwa kwenye darasa la watoto," Mlezi Mkuu akaanza. "Viti havikuwapo. Tulikaa kwenye madawati yao, magoti yamefika kidevuni. Tulikuwa na furaha, mdogo wangu, Mfalme ameondoka, tunacheka ovyo, mtu akipiga chafya tunacheka. Ibara ya tatu aliileta mwenzetu Lukindo. Yeye alikuwa hacheki sana. Nikamwuliza kama unavyoniuliza: Lukindo, wa nini tena mikuki? Mfalme si tumeshamfukuza?"

"Naye akakujibu nini?"

Mlezi Mkuu akamtazama Jenerali. Akamtazama Bwana Kasongwa aliyelala mavumbini, na tingatinga lenye pua ndani ya muhogo. Akatazama kaburi la Mzee Pazi, ambalo hakuwa ameliona mpaka wakati ule, na vigingi vya ngazi vilivyopigwa pande zake zote. Bi Sikudhani akadhani amesinzia, akamgusa bega.

"Alininyooshea kidole," akasema. "Mbele ya wenzetu wote. Akasema, wa huyu hapa, siku atakapokuja shambani kwa mama yangu. Basi tukacheka, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, na tulipopiga kura, mkono wangu ndio uliotangulia kwenda juu."